Kabla Hujatoa Milioni: Namna ya Kulithamini Gari Kuukuu Kasulu na Kibondo

Ukiingia Kasulu na fedha ya gari mfukoni, habari zitakutangulia. Kabla hujamaliza chai, dalali wa kwanza atakuwa ameshavuta kiti, na kwenye simu yake mna picha za Probox tatu. "Mkuu, hii chuma. Injini haijafunguliwa, AC kama yote, ni kuwasha na kuondoka. Mwenye nayo ana shida tu. Maongezi yapo." Msikilize kwa adabu, mshukuru, chukua namba yake. Katika yote aliyosema, lenye faida kwako ni hilo la mwisho. Maongezi yapo, maana yake hata yeye haiamini bei aliyoitaja.

Utaelekezwa uanze na dashibodi, basi anza nayo. Probox ya mwaka 2003, kilomita 87,000. Gari la umri huo lenye kilomita hizo ni sawa na mzee wa Heru Juu anayekuapia kwamba hajawahi kufika sokoni. Huenda ni kweli, lakini usiweke fedha juu ya kiapo chake. Piga hesabu. Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni takriban kilomita 90. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria, unaokwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku 300 kwa mwaka, unamaliza kilomita 54,000. Kwa miaka mitatu ni 162,000, na hapo hatujagusa kilomita ilizokimbia Japani kabla ya kupanda meli. Kwa hiyo ile 87,000 ama imerudishwa na fundi, ama dashibodi imetoka kwenye gari jingine, ama ilikufa zamani na gari likaendelea na safari zake.

Muulize mwenye gari kama bado anacho cheti cha kulitolea Japani. Kule magari hukaguliwa kwa lazima kila baada ya muda, na kilomita huandikwa kwenye kumbukumbu ya ukaguzi, kisha huonekana kwenye cheti hicho. Ukikipata, unajua gari lilitoka kwao na ngapi. Kikisema 140,000 na dashibodi ikasema 87,000, mrudishie mwenyewe karatasi yake, muage vizuri, nenda kwa muuzaji mwingine. Aliyechezea namba iliyo mbele ya macho yako atakuwa amechezea na zile usizoziona.

Hata hivyo kilomita nyingi peke yake si ugonjwa. Mwalimu mmoja wa sayansi wa New York, Irv Gordon, alinunua Volvo mpya mwaka 1966 akaiendesha hadi ikavuka maili milioni 3 mwaka 2013. Aliihudumia kwa wakati, na sehemu kubwa ya maili hizo ilikuwa barabara kuu za lami. Mambo hayo mawili, huduma na barabara, ndiyo yanayopanga bei ya gari kuukuu popote, na huku kwetu milimani barabara ina kura nyingi zaidi.

Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 na ushee, imejengwa kwa lami kwa fedha ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Serikali. Kabla ya hapo magari yalikuwa yakila vumbi jekundu kiangazi kizima, na mvua zikianza Oktoba au Novemba yanaogelea kwenye tope mpaka Mei. Gari lililofanya kazi kati ya Mvugwe na Nduta enzi hizo lina kilomita za aina nyingine kabisa. Kila shimo limepigwa na bushi, kila bonde limebebwa na springi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji lisiwe "limetembea ngapi?" Muulize: lilikuwa linatembea wapi, mwaka gani, na likibeba nini? Halafu nyamaza umwache ajibu. Atakayesita kwenye "likibeba nini" amekwisha kujibu.

Kama hakujibu yeye, gari litajibu. Vuta mkanda wa kiti cha nyuma hadi mwisho wake. Kipande kinachokaa ndani ya kikunjio siku zote hubaki na rangi yake ya kiwandani. Ukikuta hata hicho kimeingiwa na wekundu, vumbi limeishi humo miaka. Kwenye lebo ya mkanda mara nyingi kuna tarehe ya kutengenezwa, nayo ilingane na umri wa gari. Fungua buti, inua zulia, papasa sakafu kwa vidole: matundu manne ya bolti yaliyozibwa kwa puti yanakwambia palikuwa na benchi la abiria wa ziada. Simama nyuma ya gari hatua kumi, uchuchumae, uangalie kama matako yake yamelala. Springi zilizobeba maharage na watu wanane haziinuki tena hata gari likiwa tupu. Kisha soma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za miaka minne tofauti ni historia ya mtu aliyenunua moja moja alipokwama, na hivyo ndivyo alivyonunua na oili.

Nenda alfajiri, bila kupiga simu. Asubuhi za Kasulu zina baridi, na injini mbovu haipendi baridi. Weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu ameamka kabla yako ili usione inavyowaka. Likiwashwa, kaa nyuma ya bomba la moshi. Wa bluu ni oili inayoungua, na injini za 1NZ zilizomo kwenye Probox, IST na Spacio zikichoka huanza kula oili kimyakimya, bila taa yoyote kuwaka. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia pasipo pake, yaani gasketi au zaidi ya gasketi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinarukaruka, kuna ovahoo inakusubiri. Klachi ipime kwa kuvuta breki ya mkono, kuweka gia namba tatu na kuachia pedali taratibu. Injini izime. Ikiendelea kuunguruma, ongeza klachi kwenye orodha.

Baada ya hapo panda nalo mlima, na watu wanne ndani. Tambarare hudanganya.

Nenda na fundi wako. Fundi aliyeletwa na dalali ana mgao wake kwenye cha juu. Wako mlipe siku hiyohiyo, ununue usinunue, ili asiwe na sababu ya kutamani biashara ifanyike. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu gari huku mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya maharage ya msimu mzima, au mafao ya mwalimu aliyefundisha hadi nywele zikawa nyeupe, au mkopo wa SACCOS ambao mdhamini wake ni shemeji. Mtu huyo akiuziwa mkweche, nyumba nzima inatembea kwa miguu na bado inalipa deni.

Sasa namba za usajili. Watu watakupa bei kwa herufi: namba B bei hii, namba C inapanda, namba D usiguse bila fedha ya maana. Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Probox iliyotengenezwa 2003 inaweza kuwa imeingia nchini ikiwa na miaka kumi na kitu ikapewa D, huku iliyoingia mapema ikiwa na B, zote zimezaliwa mwaka mmoja. Lipa herufi kidogo sana. Na rangi ya njano ya kibao cha gari binafsi usiichukue kama ushahidi kwamba gari halijawahi kubeba abiria.

Kibondo kuna soko la namna yake. Mashirika yanayohudumia wakimbizi, huko Nduta na huku Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, yametumia Land Cruiser kwa miaka mingi, na zikizeeka hupigwa mnada. Hapa ndipo ninapowashauri watu wasiogope namba kubwa. Hardtop yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na taabo, ikiwa na kilomita 350,000 na daftari la safari na matengenezo lililojazwa ukurasa kwa ukurasa, naithamini kuliko ile ya kilomita 120,000 isiyo na karatasi hata moja. Soma daftari upate tarehe ya kubadilisha mkanda wa taimingi. Injini hiyo ina taa ya kukumbusha kwenye dashibodi, T-BELT, inayowaka kila baada ya kilomita 100,000. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa zote zionekane. Kama hiyo haipo, muulize aliyeichomoa.

Lakini jihadhari na furaha ya mnadani. Gari la shirika mara nyingi liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na likihamia kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi inadaiwa. Uliza kabla ya kunyoosha mkono: bei hii ina kodi ndani yake au nje? Kama ni nje, nenda ofisi ya TRA ukapigiwe hesabu kwanza. Gari la "bei ya kutupa" linaweza kukaa uani likiota majani huku mwenyewe akitafuta fedha ya ushuru. Na lile lililovuka Manyovu au Mabamba bila karatasi za forodha lina thamani moja tu kwako, sifuri, hata kama linawaka vizuri.

Bei yenyewe sasa. Usianzie kwenye aliyoitaja muuzaji. Anzia kwenye gari zima la aina hiyo lililokwisha kuuzwa mjini hapohapo, kwa fedha iliyolipwa kweli; mafundi na wauza spea wanazijua bei hizo. Tuseme Probox nzima huenda milioni 8. Toa tairi nne, 600,000. Shokapu nne, 400,000. Bushi na boljointi, 250,000. Klachi, 300,000. Betri, 180,000. Ufundi, 270,000. Hizi ni za mfano, za kweli atakutajia fundi wako, lakini kwa mfano huu zimefika milioni 2, na gari limebaki milioni 6. Toa tena sehemu moja ya kumi kwa ajili ya ugonjwa ambao nyote wawili hamkuuona: milioni 5 na laki 4. Hiyo ndiyo thamani ya gari hilo. Muuzaji akishikilia saba na nusu, mwonyeshe karatasi yenye hesabu, umwachie. Wengi hupiga simu jioni.

Kama gari si Toyota, punguza zaidi, maana spea ya Probox utaipata dukani Kasulu, na ya mengine mara nyingi itasubiri basi la kutoka Mwanza au Dar es Salaam, nawe utasubiri nayo. Akikwambia leseni ya barabara imelipwa, usiongeze hata mia: ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 iliyosomwa na waziri wa fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, mwana wa Buhigwe hapo jirani, ikahamia kwenye mafuta.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, wewe mwenyewe ukiwa umelala chini ya gari kama itabidi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Akisema kadi iko benki, fedha yako nayo ibaki benki. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani: kila kosa ni 30,000, na yakiwa kumi na mawili ni 360,000 za kukata kwenye bei. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ugongwe muhuri, na safari ya kwanza ya gari iwe kwenda TRA kubadilisha jina. Pokea kadi halisi, funguo zote mbili, jeki na spana ya tairi, kisha fungua nyuma uibonyeze tairi ya akiba uone kama ina upepo.