Baridi, Matundu na Mama Mkwe

Kwetu Unguja kofia yenye matundu haihitaji wakili. Kofia ya viua hutobolewa vitobo vidogo kwa makusudi, kila kimoja kikazungushiwa uzi kwa sindano, ili mvaaji akipita barabarani saa saba mchana, hewa imwingie utosini bila hodi. Mama mkwe wangu anazishona. Moja humchukua miezi, na akiimaliza huinyanyua dirishani kuikagua kwa mwanga. Kitobo kilichoziba ni aibu ya ukoo.

Sasa mchukue mwanawe, umlete Aberdeen, Scotland, kwenye upepo wa Bahari ya Kaskazini, mwezi wa Desemba, jua likizama saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo kwao watu ndiyo kwanza wanaamka usingizi wa mchana. Halafu mfumie kofia ya baridi, ya sufu, yenye matundu. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Rai hiyo ilitoka kwa bibi mmoja wa visiwa vya Shetland anayetufundisha kufuma maktabani. Bibi huyu hufunga kiunoni mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichoshindiliwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano anaichomeka humo, haina haja ya kushikwa, naye anafuma huku anazungumza, anakunywa chai na kukukosoa wewe. Zamani wanawake wa kwao walifuma wakitembea, na mgongoni wamebeba vikapu vya ule udongo mweusi wanaouchoma kama kuni. Mimi nikifuma, hata redio naizima.

Ndiye aliyetuhadithia shali za kisiwa cha Unst, zilizofumwa kwa uzi mwembamba na matundu mengi kiasi kwamba shali nzima hupenya ndani ya pete ya ndoa. Nikafika nyumbani nimejaa hadithi hiyo, nikamsimulia mwenzangu. Akaitazama pete yake kidoleni, akaniuliza taratibu:

“Na upepo je, nao unapenya?”

Nilimpa jibu la Bibi. Kinachozuia baridi ni ile hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi za sufu; hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi, basi kichwa kinabaki na joto lake. Ni maelezo ya kweli kabisa, na utayaamini bila shida maadamu uko ndani ya nyumba. Nje, upepo unaifukuza ile hewa iliyotulia na kukaa mahali pake.

Lakini pambo lenyewe lilikuwa limeshaniteka. Linaitwa Old Shale, na huko Shetland ni la siku nyingi: mistari inayopanda na kushuka kama mawimbi yanavyoacha alama kwenye mchanga maji yakitoka. Mtu wa pwani atakataaje? Wimbi moja lina vitanzi 18. Unafuma viwiliviwili pamoja mara 3, kisha mara 6 unazungusha uzi juu ya sindano na kufuma kitanzi kimoja, kisha tena viwiliviwili pamoja mara 3. Kule kuunganisha kunakupunguzia vitanzi 6, kule kuzungusha uzi kunakurudishia 6 na kukuachia matundu. Mwisho wa wimbi lazima viwe 18 vilevile. Kofia ya mtu mzima niliianza kwa vitanzi 108, yaani mawimbi 6 kuzunguka kichwa, na uzuri wake ni kwamba mstari wenye matundu unakuja mmoja tu katika kila minne. Hiyo mingine mitatu ni ya kupumzika na kusemeshwa.

Kwa bahati mbaya, mume wangu ana kipaji cha kuutambua mstari wa nne. Mitatu yote yuko kimya, anasoma habari za mpira. Nikifika tisini na saba, tisini na nane, “Mama, ile chaja yangu umeiona?” Nikajibu, “Mia mbili.” Nikafumua.

Nikahamishia kazi kwenye basi. Nilikuwa nahesabu kwa kunong’ona, macho chini, vidole vinakwenda, ndipo mzee wa Kiskoti aliyeketi karibu nami akavua kofia yake na kuipakata magotini kwa heshima. Nadhani alidhani namwomba Mungu, na wala hakuwa mbali sana na ukweli. Sikutaka kumvunjia moyo, kwa hiyo nilipofika 108 salama nikasema amina.

Kofia ikaisha. Nikailoweka kwenye maji ya vuguvugu, nikaivuta juu ya puto ili mawimbi yafunguke, na ilipokauka nikampigia mama mkwe simu ya video. Nikaigeuza mbele ya taa kama afanyavyo yeye. Alinyamaza kidogo.

“Mkwe wangu, huko pia kuna panya?”

“Ni pambo, mama.”

“Sawa. Na baridi mnaijua kwamba ipo?”

Mwenzangu aliivaa kwa uungwana. Kila akirudi kazini nilikuwa nayaona masikio yake kupitia mawimbi, mekundu, nami najifanya natazama kwingine. Kisha siku moja, kwa nia njema, akafua. Alikusanya shuka, taulo na kofia, akavitia vyote mashineni, digrii 60.

Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukiupa maji ya moto, sabuni na msukosuko, magamba yanakamatana na unywele wa jirani, na hayaachani tena hata uyabembeleze vipi. Kilichotoka mashineni kilikuwa kigumu na kinene, kimejifinya hata kinatosha kukaa utosini tu. Hakuna tundu hata moja lililobaki wazi. Nilitaka kulia, lakini mwenzangu alikuwa ameshakitia kichwani na yuko mbele ya kioo, anajigeuza.

Kilimkaa wima, masikio yako nje, duara juu bapa. Kwa mbali ungeapa ni kofia ya Unguja iliyonenepa.

Ijumaa akaenda nayo msikitini. Mzee mmoja wa Kiomani aliyekulia Unguja aliishika, akaibonyeza, akauliza imetoka wapi, kwa maana yeye tangu ahamie hapa hajapata kofia ya heshima inayoweza kukaa na baridi. Wengine wakasogea. Mwenzangu alirudi nyumbani na orodha ya majina, vipimo vya vichwa na bei aliyoipanga mwenyewe.

“Wewe fuma tu,” akaniambia, huku anavua viatu. “Kufua niachie mimi. Faida nusu kwa nusu.”