Jinsi ya Kurusha Mitumbwi Miwili Hadi Kwenye Dhahabu

Umechoka kuitazama Olimpiki ukiwa umekaa? Upo mchezo ambao hautakuachia nafasi ya kukaa. Ni mbio za Nacra 17, katamarani ya mita 5.25: mitumbwi miwili myembamba iliyoungwa pamoja, mlingoti mmoja, matanga, na kiti hakuna. Fuata hatua hizi sita.

1. Tafuta mwenzako. Tangu Rio de Janeiro 2016, kila chombo hubeba mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na wawili wanatosha kabisa kukizamisha. Basi kubalianeni mkiwa bado ufukweni: nani anashika usukani, nani anashika kamba za tanga. Ukikosa mtu, ulizia nyumbani. Jason Waterhouse na Lisa Darmanin wa Australia, washindi wa fedha pale Rio, ni binamu.

2. Toka nje ya chombo. Upepo ukikaza, jifunge kiunoni kwenye waya unaoshuka kutoka mlingotini, kanyaga ukingo, kisha ulaze mwili juu ya maji. Uzito wako ndio unaozuia chombo kisipinduke. Aliyewahi kupanda mti wa ubavuni wa ngalawa siku ya upepo anaijua kazi hii, na mapaja yake yanaikumbuka.

3. Ruka, lakini chini chini. Baada ya Rio, Nacra 17 ilipewa mapezi yaliyopinda ambayo hunyanyua mitumbwi juu ya maji kama bawa linyanyuavyo ndege. Maji hayakishiki tena chombo, nacho kinachomoka. Ukipaa mno, pezi huchomoza nje, pua ikazama, nawe ukaendelea na safari peke yako, hewani. Waliolielewa hili kuliko wote ni Ruggero Tita na Caterina Banti wa Italia: dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na dhahabu tena Marseille mwaka 2024.

4. Kuwa bahili wa pointi. Mshindi wa mbio hupata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwenye chache ndiye bingwa. Matokeo yako mabaya kuliko yote hufutwa, kwa hiyo aibu moja umeshasamehewa. Ya pili utailipia. Mbio za mwisho ni za vyombo kumi bora tu, pointi zake huzidishwa mara mbili, na hazifutwi. Anayemaliza wa nne kila siku ni wa kuogopwa kuliko anayeshinda leo na kupinduka kesho.

5. Ukikosea, zunguka haraka. Mwamuzi akikupa adhabu, usibishane naye, maana upepo hausubiri kesi. Zungusha chombo, uendelee. Katika mbio za mwisho za Rio, Santiago Lange na Cecilia Carranza wa Argentina waliadhibiwa mara mbili. Walizunguka, wakafukuza tena, wakatwaa dhahabu kwa tofauti ya pointi 1.

6. Usiuulize umri wako. Lange alikuwa na miaka 54. Alikuwa na shaba mbili, za 2004 na 2008, alizozipata kwa Tornado, katamarani ya Olimpiki ya zama zile. Mwaka mmoja kabla ya Rio alikatwa sehemu ya pafu kwa sababu ya saratani. Alirudi baharini na pumzi iliyobaki, na ilimtosha.

Sasa irudie hatua ya kwanza, maana ndiyo inayobeba nyingine zote. Wana wawili wa Lange nao walikuwa wakishindana Rio, katika chombo chao wenyewe. Baba yao alipomaliza mbio zile, walijitosa majini wakaogelea hadi kwenye mitumbwi yake miwili kumkumbatia.