Kuku Sita, Jogoo Marufuku

Habari imefika Mpanda, mkoani Katavi, kwamba Marekani kuna kijiji kinagawa viwanja bure. Aliyeipeleka hajulikani, ila tangu ifike, simu ya kijana mmoja wa Makanyagio anayeishi Des Moines, jimbo la Iowa, haipumziki. Baba yake mdogo wa Nsemulwa anataka kujua kiwanja kina ukubwa gani na kama wanampokea mtu na ng'ombe zake. Shangazi anauliza kama anaweza kuandikisha jina la mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa, ambaye hata undugu na kijana hana, ametuma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya Mei Mosi. Yeye kiwanja hataki. Anachotaka ni kuelezwa watu wa huko wamepatwa na nini hadi wagawe ardhi.

Swali la mzee ndilo lenye maana.

Kijiji kipo kweli. Kinaitwa Marne, karibu na barabara kuu itokayo Des Moines kwenda Omaha, na wakazi wake ni mia moja na ushee, yaani wachache kuliko wanaogombea siti za basi la Tabora asubuhi. Kiwanja ni bure, ila ukipewa lazima ujenge nyumba isiyopungua futi za mraba 1,200, tena ujenge kwa kanuni zao. Banda la miti, udongo na bati nane halihesabiki. Nyumba mpya ya ukubwa huo inaweza kumeza dola laki mbili na bado ikadai milango. Baba mdogo alipoelezwa hayo alinyamaza, kisha akasema kwamba hicho si kiwanja cha bure, hicho ni chambo.

Jibu la swali la mzee ni fupi: waliowahi kuishi vijijini Iowa wameondoka. Kazi zilizofanywa na familia kumi sasa zinafanywa na mtu mmoja aliyekaa ndani ya trekta lenye kiyoyozi, na vijana wakimaliza shule wanakimbilia mijini. Kati ya sensa ya 2010 na ya 2020, zaidi ya kaunti 60 kati ya 99 za jimbo hilo zilipungukiwa watu. Jimbo zima lilitoka watu 3,046,355 likafika 3,190,369, ongezeko lisilofika asilimia 5 kwa miaka kumi. Duka la kijiji likikosa wateja linafungwa, shule inaunganishwa na ya mji wa jirani, na posta inafungua saa chache kwa siku. Mwishowe wanaobaki wanaona heri watoe viwanja kuliko kuvifyeka majani kila mwaka.

Sasa mzee wa kijiwe atazame kwake. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Wameongezeka kwa asilimia 7.1 kwa mwaka, kasi ya kwanza Tanzania nzima, na hakuna aliyebandika tangazo wala kugawa kitu. Watu wamekuja kwa treni, kwa malori, kwa pikipiki zilizobeba godoro, na wengine kwa miguu nyuma ya ng'ombe.

Kijana aliyaeleza haya kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Shangazi akajibu kwamba hata yeye ameona, maana foleni ya kisima imeongezeka.

Kuna jambo jingine la Iowa ambalo Mpanda wamekataa kuliamini. Kiwanja cha kijijini ni bure, lakini shamba halishikiki. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa hufanya uchunguzi wa bei ya ardhi kila mwaka, na mwaka 2023 wastani ulikuwa dola 11,835 kwa ekari moja, karibu shilingi milioni 30 kwa thamani ya wakati huo. Baba mdogo akauliza kama chini yake kuna dhahabu. Akaambiwa hapana, juu yake kuna mahindi na soya, na kuanzia Desemba kuna theluji. Ekari hiyo mwenyewe huilipia kodi kila mwaka, iwe imezaa au haikuzaa.

Halafu kuna suala la kuku.

Bibi wa kijana ni mfugaji. Kwake mtu anayesema amehamia shamba na hana kuku ni mtalii. Kijana alikuwa anafikiria kuhamia Cedar Rapids, mji wa pili kwa ukubwa Iowa, akitafuta nyumba yenye uwanja nyuma. Akamweleza bibi kwamba mji huo ulianza kuruhusu kuku mwaka 2010, mwisho ni kuku sita, jogoo haruhusiwi, na mfugaji lazima awe na kibali na apitie darasa la kufuga kuku mjini. Bibi alitaka ufafanuzi: anayekaa darasani ni mtu au ni kuku? Alipohakikishiwa kwamba ni mtu, akauliza watu wa huko huamkaje bila jogoo, kisha akamwomba mjukuu wake arudi nyumbani kabla hajaambiwa asomee kufuga paka.

Si kwamba Marekani hakuna wanaoishi wapendavyo. Upande wa kusini-mashariki wa jimbo, kuzunguka mji wa Kalona, kuna Waamish, jamii ya Wakristo waliokaa huko tangu miaka ya 1840. Wanatembea kwa vigari vya kukokotwa na farasi na wanakataa umeme wa gridi kwa hiari yao. Kijana alituma picha ya kigari kimoja barabarani, malori yakikipita. Nsemulwa wakadhani ni watu waliopigwa faini. Mpanda, mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli na kuhesabu siku za kufikiwa na gridi ya taifa, mtu anayeukataa umeme hupelekwa kwanza kuombewa.

Lakini Waamish waliupigania uhuru wao. Mwaka 1965, karibu na Hazleton, maofisa walikwenda kuwachukua watoto wao kwa basi kuwapeleka shule ya serikali. Watoto wakatimua mbio wakaingia kwenye shamba la mahindi, picha ikapigwa, ikatoka magazetini nchi nzima, na serikali ikaonekana imekwenda kuwinda watoto. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi iliyotoka jimbo la Wisconsin, kwamba Waamish hawawezi kulazimishwa kusomesha watoto zaidi ya darasa la nane. Na hao walikuwa wazaliwa wa nchi, wenye mashamba yao. Mgeni wa kutoka Makanyagio hata shamba la mahindi la kukimbilia hana.

Wageni wengine wamepata njia ya katikati. Kuna mradi unaoitwa Global Greens, wa shirika la Lutheran Services in Iowa, unaowapa wakimbizi vipande vya ardhi kandokando ya Des Moines walime na kuuza. Wapo Warundi, wapo Wakongo, na wengi wao walipita kwenye kambi za Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chao kina lafudhi ya Kasulu. Nyanya chungu na mchicha vinapatikana. Kijana alipoomba nyongeza, mama muuzaji alimtazama, akamwambia nyongeza aliiacha kambini Nyarugusu.

Hapo ndipo kijana alipogundua kwamba ukoo wake unamuuliza mambo ambayo Katavi inayajua kuliko Iowa. Mkoa huo umepokea watu kwa vizazi. Adrien Atiman alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akaoa hapohapo, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, akafa mwaka 1956 na kuzikwa akiwa mwenyeji. Miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda waliwekwa Mwese, kwenye milima yenye baridi. Mwaka 1973 msitu wa Katumba ulifunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na Mishamo ikafuata miaka michache baadaye. Walipewa ardhi na majembe, wakafyeka, na haikupita miaka mingi Mpanda ikawa inakula mahindi na maharage yao. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, vyeti vikaja kugawiwa mwaka 2014. Na Wasukuma, tangu miaka ya 1970, wamekuwa wakishuka na mifugo hadi bonde la Rukwa na Mpimbwe, wakitafuta malisho na mbuga za mpunga, bila kumpigia simu mtu yeyote Des Moines.

Basi kundi la ukoo likageuza swali. Kijana akistaafu, au akichoka na theluji, arudi kukaa wapi?

Baba mdogo alipendekeza Kakese, kwa sababu ya mpunga na kwa sababu mjini ni karibu. Wengine wakapinga kwamba Kakese nzuri ilikuwa zamani. Sasa kila mwenye mshahara Mpanda ana kipande huko. Shangazi alisema Karema, na hoja yake ilikuwa moja tu: migebuka. Bandari mpya imejengwa, Kongo iko ng'ambo, na mtu haachi kula samaki eti kwa sababu ya barabara. Mjomba alisema Inyonga, kwenye asali. Kuna aliyetaja Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mandhari nzuri na watalii wachache. Akakumbushwa kwamba viboko wa mto Katuma hawaombi kibali cha kuingia shambani, wala sheria haijawawekea mwisho wa sita. Mkwe mmoja mwenye maneno akauliza kwa nini wasimfuate Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima wa Kibaoni, maana alipostaafu uwaziri mkuu mwaka 2015 alionekana kwenye shamba lake la Zuzu, Dodoma. Hilo halikujibiwa. Lilichukuliwa kuwa ni uchokozi.

Kijana mwenyewe kura yake iko Mwese, na si kwa sababu ya baridi, ambayo ameshashiba. Katika Wilaya ya Tanganyika kuna vijiji vinane, Mwese kikiwa kimojawapo, vinavyotunza misitu ya Ntakata kupitia mradi wa Carbon Tanzania. Vijiji hivyo hulipwa kwa kaboni inayobaki ndani ya miti isiyokatwa, na mabilioni ya shilingi yaliyoingia yamejenga madarasa na zahanati. Baba mdogo, aliyechoma mkaa ujanani, bado anaitafakari habari ya mtu kulipwa kwa kutokata mti. Lakini hesabu ya kijana ni nyepesi: Marne wana viwanja, hawana watu, Mwese wana watu, wana msitu, na wana mapato ya kijiji. Zahanati kwake ina uzito kuliko ukubwa wa kiwanja.

Kuna pingamizi la sheria, nalo linamkalia kooni. Akichukua uraia wa Marekani, wa Tanzania unakwisha, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania ila kwa njia ya uwekezaji. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na hilo limewapa moyo wengi walioko nje. Kijana ameamua kubaki na pasipoti yake kwanza. Fomu za uraia wa Marekani zinasubiri kwenye droo.

Kwa sasa anaomba jambo moja. Kuna dalali amempigia baba mdogo, ana heka za rangi ya kijani huko milimani, bei poa, anataka kianzio wiki hii. Baba mdogo asitoe kitu. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 1999: maombi yaende kwa halmashauri ya kijiji, yafike mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uandikwe. Kijani anayoiona dalali huenda ni msitu uliokwisha kutengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na hapo hakuna mtu atakayejenga hata banda la kuku. Aende Mwese mwenyewe, amuulize mwenyekiti mbele ya watu, na hela ya kianzio anunulie bati.