Gari Lipimwe Siku Linapogoma

Ubishi kati ya Corolla DX ya miaka ya 1980 na Vitz iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2010 huamuliwa na watu wasiofaa, yaani wale ambao magari yao yanatembea. DX ina injini ya cc 1,290 na kabureta. Vitz ndogo ina cc 996 na kompyuta inayopima kila tone la petroli. Nguvu zao hazipishani sana, na kwenye mlima wa Kitonga, zikiwa na watu watano na magunia ya vitunguu, zote mbili zitapanda kwa adabu nyuma ya lori. Tofauti huanza zinapozima.

DX ikigoma, umati hukusanyika na kila mtu ni fundi. Huyu anasema plagi, yule anasema uchafu kwenye kabureta, na wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anaamuru isukumwe. Kwa kuwa gia zake ni za mkono, dereva anaweka ya pili, anaachia klachi, gari linawaka, na asiye na baiskeli anaondoka na heshima zake. Vitz ya otomatiki haijali jasho la vijana: isukumeni hadi Morogoro, injini haitapata habari. Kwenye dashibodi inawaka taa ya chungwa yenye umbo la injini, ambayo huenda inasema kihisi kimechafuka, au huenda inasema ada ya shule ya muhula huu imekwenda. Ukizungusha swichi tena, kifaa cha kulipia barabara za kwao, kama hakijang'olewa, kinakukumbusha kwa Kijapani, kwa upole wa kuudhi, kwamba hujachomeka kadi. Hata redio haikuliwazi, maana nyingi za aina hiyo hukomea megahezi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Watetezi wa Vitz watasema haigomi mara kwa mara, na inakunywa kidogo. Kweli kabisa. Wakitaja mifuko ya hewa nanyamaza, kwa sababu DX humlinda abiria kwa dua. Lakini huko kutogoma ndiko kunakomponza mwenyewe: wa DX husafiri na spana, waya na dumu la maji, wa Vitz husafiri na simu iliyobakiza chaji ya kupiga mara moja. Watasema pia kwamba mashine ya kusomea makosa siku hizi inaenea mfukoni. Sawa, ila inasoma tu. Ukikwama Ludewa, kihisi chenyewe kitasubiri basi la kesho kutoka Dar es Salaam, wakati kabureta ya DX imeshafunguliwa, ikapulizwa kwa mdomo, ikafungwa, na aliyeipuliza anadai soda.