Weka Msasa Chini: Tano Bora za Ujana Wetu

Naongoza karakana ya samani Keko, Temeke: mafundi saba na vijana wawili wa kujifunza. Ugonjwa wa mabosi wa kazi hii naujua, ni msasa usioisha. Kabati limekamilika, mteja anapiga simu mara ya nne, na bosi bado analizunguka akitafuta mkwaruzo. Dawa yake niliikuta kwenye muziki nilioukulia. Nahesabu kutoka tano kushuka hadi moja, na mwenye tano bora yake aje Keko, benchi la kukalia lipo.

5. Remmy Ongala na Super Matimila

Alitoka Kindu, Kongo, akawa wetu kiasi kwamba kule Sinza kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy hadi leo, ingawa mwenyewe alitutoka Desemba 2010. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", wa kuhimiza kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuurusha. Angeweza kuulainisha mpaka umpendeze kila mzee. Yeye aliupiga kumbini, na mji mzima ukaujua. Kazi inayongoja kila mtu aridhike hutoka siku ya hitma.

4. Studio ya Radio Tanzania

Barabara ya Pugu, siku hizi ya Nyerere. Bendi nzima iliingia, magita, tarumbeta na waimbaji, ikapiga kwa pamoja. Habari ya kumwita mpiga besi kesho yake aje peke yake kurekebisha noti moja haikuwepo. Zisikilize zilipendwa kwa makini: kuna mahali mwimbaji anawahi kidogo, kuna tarumbeta linaloingia na pumzi yake. Mzee gani umemwona akizima redio kwa sababu hiyo? Mzee anaongeza sauti.

3. Sikinde

Enyi wa "bora liende", msishangilie mapema. Mlimani Park Orchestra, ndiyo Sikinde, ilianza 1978, Muhidin Gurumo alipotoka Juwata, yaani Msondo, na uimbaji wake na wa Hassan Bitchuka si kitu cha kubahatisha. Mazoezi yalikuwa mazoezi, na aliyechelewa alijua amechelewa. Ila angalia walichofanya na wimbo mpya: waliupeleka dansini kwanza. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likiwaacha watu wamekaa, linarekebishwa kabla ya kurekodi. Ubora ulitafutwa mbele ya macho ya watu, na hapo ndipo nilipokuwa nakosea mimi niliyekuwa nafunika kabati kwa turubai mpaka vanishi ikauke. Sasa mteja namwita likiwa bado kiunzi. Anashika, anasema droo hii iwe chini, tunashusha. Kushusha droo kwenye kiunzi ni kazi ya nusu saa. Kwenye kabati lililopakwa vanishi ni ugomvi.

(Watu wa Msondo, tulieni. Gurumo alirudi kwenu.)

2. TMK Wanaume

Hapa nitakaa, maana hawa walikuwa wetu. Sauti ya Juma Nature ilikuwa na mikwaruzo, Temba alikuwa na yake, Chege na yake. Bosi mpenda ukamilifu angewanyoosha wote waimbe kama mtu mmoja, na Temeke ingelala mapema. Kila mtu alipewa vesi yake akaingia nayo alivyo. Kundi lilikuja kugawanyika, Nature akaenda na Wanaume Halisi, lakini meneja wao, Said Fella, aliendelea kulea vijana. Kwenye kituo chake cha Mkubwa na Wanawe ndiko walikotoka Yamoto Band, akina Aslay na Mbosso, na mwaka 2015 watu wa Kilungule wakampa udiwani.

Nilimkumbuka sana Fella mwaka juzi. Kijana wangu mmoja alichonga droo sita. Usiku, wenzake walipoondoka, nilizifumua zote nikazirudia mwenyewe. Asubuhi alizitazama, hakusema neno. Mwezi haukuisha, hakuja tena. Droo zilikuwa nzuri sana. Karakana ilikuwa imepungukiwa fundi.

1. Mchiriku

Najua mlitarajia gita. Namba moja ni kinanda kidogo cha Casio, cha ukubwa wa kuwekwa mapajani, kimeunganishwa na honi mpaka sauti inapasuka. Pembeni ngoma, na stuli ya mbao inayochapwa kwa vijiti. Jagwa Music wa Mwananyamala walikesha na vifaa hivyo harusi kwa harusi, na mtaa haukulala. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, "Bongo Hotheads", sauti ikiwa imepasuka vilevile. Singeli ya Manzese na Mburahati ni mtoto wa nyumba hiyo. Wangengoja kinanda kikubwa, wangekuwa wanangoja hadi leo.

Yule kijana nilimfuata kwao Mbagala, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Amerudi. Juzi alimaliza kitanda cha mninga, na ubavuni kimebaki na alama ya patasi, kama punje ya mchele. Niliiona. Aliniona nikiiona, akasimama kimya, patasi mkononi. Nikatoka nje kuita guta.