Namna ya Kurithi Kiti Bila Kukitamani: Mwongozo kwa Mrithi wa Bungoma na Kitale

Hongera. Ikiwa unasoma haya, basi kuna mtu kwenye matanga fulani amekuambia kwamba una damu ya uongozi. Huenda babu yako alikuwa chifu, au mjomba wako alipata kuwa diwani, au unafanana tu na marehemu ukivaa kofia. Usimdai ushahidi. Mwongozo huu utakushika mkono hadi kwenye kiti chenyewe, au hadi pale wanapoishia wengi, hatua moja kabla ya kukifikia, koti likiwa mkononi na hotuba ikiwa mfukoni haijasomwa.

Anza kwa kujua kiti kilitoka wapi, kisha usimwambie mtu. Wanga wa Mumias wana Nabongo wao, na ufalme wao una umri wa kuheshimika. Wabukusu hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee wa koo, wengine katika maboma yaliyozungushiwa kuta za udongo, na hakuna mzee aliyeona haja ya mwingine juu yake. Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Charles Hobley, na wapiganaji wa Nabongo Mumia wakiwa upande wao, wakaja kuwapiga Lumboka na Chetambe. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu, na ndugu yake Murunga akawekwa kuwatawala Wabukusu wa kaskazini. Basi hicho kiti cha tangu jadi kililetwa na mgeni mmoja akakalishwa mgeni wa pili. Wenyeji wakalalamika kwa miaka mingi, lakini sikiliza walilalamikia nini: hawakutaka kiti kivunjwe, walitaka akikalie mtu wao. Katika miaka ya 1930 Murunga aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Mbukusu, Amutala, na kuanzia hapo kiti kikawa cha mababu. Mwandishi wa gazeti akikuuliza historia yake, anzia hapo.

Pengine utaambiwa kwamba sisi tunavuruga urithi, na kwamba Waingereza wanao wao ulionyooka tangu enzi za mapanga. Itikia kwa kichwa, kisha umkumbushe msemaji habari za Lord Erroll. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alipigwa risasi karibu na Nairobi usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Jock Delves Broughton alishtakiwa akaachiliwa. Watu walishughulika na nani kamuua. Wewe mrithi shughulika na kilichofuata. Marehemu alikuwa na ubwana wa aina mbili na mtoto mmoja, msichana wa miaka 15. Ubwana wa Erroll, ambao ni wa Uskoti, unaruhusu mwanamke, kwa hiyo Diana akawa Countess. Ubwana wa Kilmarnock unataka mwanamume tu, kwa hiyo ukamruka binti ukaenda kwa Gilbert, ndugu ya marehemu, ambaye baadaye akabadilisha hata jina la ukoo ili lilingane na alichokipata. Maiti moja, warithi wawili, na kila mmoja na karatasi yake halali. Mzee yeyote wa Kimilili angeliamua shauri hilo kabla ya chai ya saa nne, na angeliamua vivyo hivyo. Usilijaribu hili kwenu bila mwanasheria na bila mjomba.

Sasa chagua mama. Najua umechelewa, lakini hatua hii ina uzito kuliko zote, maana katika boma la wake wengi baba ni wa wote, ila kiti ni cha nyumba moja. Chifu Sudi Namachanja wa Bungoma alikuwa na wake wengi kuliko idadi ambayo mgeni mwenye adabu angeihesabu kwa sauti, na watoto kwa kadiri hiyo. Ukizaliwa katika boma la namna hiyo, ni lazima mama yako awe na heshima, awe na wajomba wanaosikika, na asiwe na ugomvi wa shamba la viazi na mama wa nyumba ya pili. Ulimi wa mama wa nyumba ya pili ndio unaopeleka habari kwa wazee. Huwezi kuushinda. Msalimie kila asubuhi.

Chebukwa, mwezi wa Januari 1923, alizaliwa katika boma hilo mtoto aliyeitwa Simiyu. Huyu alikuwa na kila kitu unachokitafuta. Alikuwa mwana wa chifu, ana akili ya shule, amelelewa akijua kwamba siku moja watu watasimama akiingia. Alipoitwa kukalia kiti, alikataa. Alikwenda seminari, akapewa upadri Roma mwaka 1950, na mwaka 1973, kwa jina la Maurice Michael Otunga, akawa kardinali wa kwanza kutoka Kenya. Nakuonya usimchukue kuwa mfano wa kuigwa. Kwanza, alikataa kweli. Wewe utakataa ili ubembelezwe, na wazee wanajua tofauti. Pili, alipokataa uchifu wa tarafa alipata kofia nyekundu, biashara ambayo hairudiwi mara mbili katika wilaya moja. Tatu, kardinali hana mtoto wa kumrithisha, na alipostaafu alikwenda kukaa na wakongwe wasio na kitu katika Nyumba ya Wazee, Nairobi. Ukoo wako umenunua tayari vitambaa vya sare. Hauwezi kukuruhusu uishie hapo.

Kwa kulinganisha, huko London Tony Benn alirithi ubwana wa babake mwaka 1960 asioutaka, na kwa ajili yake akazuiwa kuingia katika Bunge la Makabwela ingawa wapiga kura walimchagua. Ilimchukua karibu miaka mitatu, na sheria mpya ya mwaka 1963, kuruhusiwa kuwa mtu wa kawaida. Huku kwetu hupewi shida hiyo. Watu wakuvue ubwana? Ni mchujo mmoja wa chama, alasiri moja, na karatasi za kura zimechelewa.

Pata shamba Kitale. Bwana bila shamba ni mwalimu mkuu mstaafu. Walowezi waliokuja Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya kwanza walilijua hilo vizuri sana: walijipimia mashamba yasiyoonekana mwisho, wakajenga klabu, na mnamo 1926 reli ikawafuata mpaka mjini kubeba mahindi yao. Uhuru ulipokaribia walianza kuuza, na walionunua ni pamoja na watu wetu kutoka Bungoma waliokuwa wakiyalima yale yale kwa posho. Tangu hapo utaratibu umekuwa huu: kura ziko Bungoma, shamba liko Kitale, na kiongozi anatakiwa awe kwao pote pawili. Masinde Muliro alizaliwa upande wa Kimilili akazikwa shambani kwake Sibanga. Michael Kijana Wamalwa naye alizaliwa upande huo huo wa Kimilili, akawa mbunge wa Saboti, akazikwa shambani kwake Kitale. Panda mikaratusi pande zote za barabara ya kuingilia, fuga ng'ombe wa gredi hata kama wanakula kuliko wanavyokamuliwa, na weka lango ambalo mtu lazima ateremke garini kulifungua. Lakini ukiwa jukwaani Kanduyi, sema "nyumbani ni hapa". Ukiwa Kitale sema hivyo hivyo. Siku utakayoyachanganya, watu watacheka kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo mbaya.

Tumefika kwenye mazishi, ambako kazi yote hufanyika. Usiyaone kama msiba. Hili ni bunge, mahakama na uchaguzi wa mchujo, na kuna wali. Fika kabla ya saa tano. Hema la kwanza lina viti vya plastiki vilivyofunikwa kitambaa cheupe, na kila kiti tayari kina mwenyewe ingawa hakuna jina lililoandikwa. Simama pembeni ukijifanya unazungumza kwa simu mpaka msimamizi wa ratiba akuone. Asipokuona, ongea kwa sauti zaidi. Ukishaitwa "mheshimiwa" kwenye kipaza sauti, tembea polepole, salimu wajane kwanza kwa mikono miwili, kisha maaskofu, kisha wazee, na mpinzani wako mkumbatie kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Toa bahasha kwa siri inayoonekana. Usiseme unataka kiti. Sema, "Hatukuja kufanya siasa hapa," kisha fanya siasa kwa dakika arobaini.

Kama marehemu alikuwa mzee wa hadhi, siku chache baadaye ataitwa msemaji wa kumuse, ile hotuba ya baada ya mazishi. Hapo nyamaza kabisa. Huyo mtu wa ngozi na fimbo, akienda na kurudi katikati ya watu walioketi, ndiye anayekumbuka ukoo wako ulitokea wapi, nani alimdai nani ng'ombe, na babu yako alikuwa mkimbizi kwa nani. Hapewi ratiba wala hakatizwi, na anayekatisha njia yake hujitafutia makubwa. Akikutaja kwa wema, kiti kimekusogelea. Akikuruka, usiulize kwa nini, amekuhurumia.

Ukitoka hapo utahitaji chama, kwa sababu mabwana wa siku hizi hawakabidhiwi fimbo, wanakabidhiwa mhuri. Chama cha eneo hili ni FORD-Kenya, chama cha simba, na historia yake isome kama usomavyo orodha ya wafalme, yaani ukiangalia hasa mahali walipokanyagana. Muliro, mmoja wa waasisi wa FORD ya kwanza, alifariki Agosti 1992 kabla ya uchaguzi wenyewe. FORD-Kenya ilibaki na Jaramogi Oginga Odinga hadi alipofariki Januari 1994, ikamwangukia Wamalwa. Angalia vizuri hapo. Jaramogi alikuwa na mwana, tena mwana mwenye nguvu, na kiti hakikwenda kwa mwana. Uchaguzi wa chama wa Thika mwaka 1996 uliishia kwenye vurugu, na mwishoni mwa mwaka huo mwana huyo, Raila, akaondoka na kujitafutia chama kingine. Wamalwa alibaki na simba, na mwaka 1997 akatoka wa nne katika mbio za urais. Alikuwa msomi wa sheria wa Cambridge, mwenye Kiingereza ambacho Lord yeyote angeomba kuazimwa. Mwaka 2003 chama kikaenda kwa Musikari Kombo wa Webuye, kisha kwa Moses Wetang'ula, ambaye Mei 2020 wenzake walitangaza wamemwondoa. Baada ya safari za kwa Msajili wa Vyama na kortini alikuwa bado yupo, na tangu Septemba 2022 ndiye Spika wa Bunge la Taifa. Funzo la hatua hii ni la kiofisi tu: usitangaze kwamba umemng'oa mtu kabla ya kujua mhuri umelala nyumba gani.

Na damu je? Subiri, inakuja, lakini inakuja kwa matembezi. Wamalwa aliapishwa kuwa Makamu wa Rais Januari 2003 akafariki London tarehe 23 Agosti mwaka huo huo. Kardinali Otunga akamfuata tarehe 6 Septemba, kwa hiyo watu wa huku walikunja hema moja wakatandaza lingine. Umakamu ulikwenda Busia, kwa Moody Awori, ambaye nchi nzima humwita Uncle Moody. Basi hata kwa Katiba ya Jamhuri mjomba alipata. Ubunge wa Saboti ulipitia mikono mingine kwanza, na mdogo wa marehemu, Eugene Wamalwa, aliupata katika uchaguzi wa Desemba 2007. Chama cha simba hakikuja naye. Leo anaongoza DAP-K, chama ambacho mwaka 2022 kilimpa George Natembeya ugavana wa Trans Nzoia, na ambacho usikitafute kwenye duka la pembejeo, maana huko Kitale ukisema unataka DAP utauzwa gunia la mbolea. Mdogo wa bwana, kwa hiyo, anarithi jina, shamba na salamu za rambirambi. Vilivyobaki anaomba kura kama watu wengine. Usimwambie mdogo wako.

Mwishowe utashindwa. Hii si laana, ni hesabu: kiti ni kimoja na hema lilikuwa limejaa. Asubuhi ya matokeo usiende kortini mara moja. Nenda kwa fundi akutengenezee bendera. Andikisha chama chako. Kama simba amechukuliwa, wanyama bado wapo wengi, na ndege pia. Kama gharama ni kubwa, jitangaze msemaji wa jamii, cheo kisicho na ofisi, mshahara wala muhula, ila kina kofia. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya Desemba, uwanja wa Bukhungu ulijaa watu kumtawaza Musalia Mudavadi msemaji wa Waluhya, na Waluhya wakaendelea kusema kila mmoja kwa mdomo wake. Hakikisha tu kofia ni ya manyoya halisi, maana ya bandia hung'aa kwenye picha.

Halafu rudi kwenye mazishi Jumamosi inayofuata, ukae hema la pili. Msimamizi wa ratiba atakuita mheshimiwa, kwa sababu hapa mtu akishaitwa hivyo mara moja hakuna sheria inayomwondolea, hata kama aliishia kwenye mchujo wa MCA na kura mia mbili. Mke wako ataitwa hivyo pia, na kijana wako mkubwa, yule aliyemaliza chuo juzi, atakaribishwa asalimie watu. Mwambie atembee polepole, aanze na wajane, na aseme hakuja kufanya siasa.