Heko kwa Ndugu E212

Wapo waliosifu mnazi na wapo waliosifu jahazi. Mimi, mwalimu mstaafu ninayeangalia chumba cha kompyuta hapa Mbwara, naomba kusifu ujumbe wa mstari mmoja. Hutokea chini ya kioo katika kihariri kiitwacho Vim, pale mtu anapomaliza kazi yake na kutaka kuisevu. Unasema faili haliwezi kufunguliwa ili liandikwe. Namba yake ni E212, na tumeishi pamoja muda wa kutosha nimwite ndugu.

Fadhila zake ndogondogo nazipitia mbiombio. Haombi chochote cha soda. Hatoki kwenda chai saa nne. Hamwangalii mtu viatu: mimi na profesa tunafukuzwa kwa maneno yaleyale.

Fadhila yake kuu, inayostahili kupigiwa ngoma, ni uungwana wa kutomkatiza mtu. Mlinzi wa kawaida hukuzuia getini, kabla hujaingia. Huo ni ushamba. E212 anakufungulia, anakukaribisha, anakuacha ukae. Faili ni la msimamizi mkuu wa mashine, aitwaye root, yaani mzizi, nawe ni jani tu. Hata hivyo unaachiwa ulisome lote, ufute, uongeze, upande juu, ushuke chini. Saa nzima inapita na wewe unajipongeza. Ukishaandika amri ya kusevu ndipo anapokohoa kidogo. Huku kwetu bonde la Rufiji watu hukesha juu ya dungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Hebu fikirieni mlinda dungu mwenye adabu ya namna hiyo: anamwona jirani akipalilia tangu alfajiri, jembe kwa jembe, asimwambie neno; jua likizama anamwita kutoka juu, kwa upole, kwamba shamba hili si lake, na magugu ayarudishe alikoyang'oa.

Wajuzi watanisahihisha kwamba Vim huonya. Kweli. Ukifungua faili kama hilo, hukuandikia chini kabisa, ndani ya mabano, kuwa ni la kusomwa tu. Na ukigusa herufi ya kwanza onyo jingine hupita kama kivuli cha kunguru. Ni tangazo la saa za kazi lililobandikwa nyuma ya mlango ulioachwa wazi. Limebandikwa, kwa hiyo kosa ni lako.

Tena uungwana huo una ngazi. Kabla ya E212 yuko mdogo wake, E45, anayekuambia faili ni la kusomwa tu, ila ukisisitiza ongeza alama ya mshangao. Unaiongeza, na mshangao wenyewe si wa kuigiza. Hapo ndipo unapopandishwa kwa kaka mtu, naye anakujibu kwamba hata kwa mshangao haiwezekani. Aliyewahi kutumwa dirisha namba tatu kufuata mhuri, akarudi nao dirisha namba moja akaambiwa mhuri huo siku hizi hautumiki, ataujua ukoo huu.

Na nilitaka kubadili nini? Faili ni orodha ya majina na anwani za mashine zetu. Printa ilipewa anwani mpya; palipo na 15 paandikwe 51. Tarakimu mbili zibadilishane viti.

Wakubwa wa kazi hii wana ujanja wao. Kuna programu iitwayo sudo, iliyoanzia chuo kikuu kimoja huko Buffalo, Marekani, karibu mwaka 1980, ambayo humwazima mtu madaraka ya mzizi kwa amri moja moja. Ukikwama ndani ya kihariri huna haja ya kutoka na kuipoteza kazi. Unaandika :w !sudo tee % na mambo yanakwenda. Hiyo tee ni tii ileile ya fundi bomba: maji yanaingia upande mmoja, yanatoka pande mbili, hapa upande mmoja unamimina kwenye faili na wa pili kwenye kioo. Alama ya asilimia ni jina la faili uliloshika. Ile nafasi kabla ya mshangao usiisahau, maana bila hiyo ni amri nyingine kabisa. Ukimaliza, Vim anagutuka: faili limebadilika, ameligusa nani? Ni wewe, dakika hii, mbele ya macho yake. Wastaarabu hutumia sudoedit, ambayo hukupa nakala uirekebishe ukiwa jani vilevile, kisha yenyewe huirudisha mahali pake kwa mamlaka ya mzizi.

Nikaandika. Nikaulizwa nywila yangu, nikaitoa. Jibu likaja kwamba jina langu halimo katika orodha ya wenye ruhusa, na kwamba tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa! Kwa umri huu! Siku mbili kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje nilitoka kuichungulia. Kumbe ripoti hupelekwa kwa msimamizi wa mashine, na msimamizi wa mashine yetu hajawahi kuisoma hata moja, kwa sababu tangu siku tulipokabidhiwa kompyuta hizi hajakanyaga hapa.

Niseme kidogo kuhusu siku hiyo, ila nianzie kwenye salamu ya Vim. Vim ukimfungua bila faili hukusalimu, na mara nyingi ndani ya salamu mna ombi kwamba watoto maskini wa Uganda wasaidiwe. Aliyeliweka ni Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa programu hii mwaka 1991, mwaka 1994 akaenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na hadi alipofariki Agosti 2023 aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa huko. Programu aliitoa bure, na msimbo wake akauacha wazi, atakaye aubadili. Kijana mmoja alilisoma ombi hilo kwa sauti akaniuliza, "Mwalimu, na Mbwara je?" Nikamjibu kuwa sisi tumeshasaidiwa, nikamwonyesha hati iliyo ukutani ndani ya fremu.

Hati hiyo inataja kila kitu. Kompyuta, vibodi, vipanya, nyaya za umeme, hata mazulia madogo ya vipanya yamehesabiwa. Siku ya makabidhiano kulikuwa na turubai, hotuba tatu, utepe na mkasi uliokuja na kisahani chake. Tulipigwa picha mpaka korosho za wageni zikaisha. Nywila ya msimamizi haikutajwa. Tumepewa nyumba yenye milango yote, na funguo zimerudi Dar es Salaam kwenye mfuko wa suruali ya mtu. Mnatoaje zawadi hivyo, jamani? Mtu ananipa ng'ombe, kamba anabaki nayo yeye, halafu kila mwaka anaandika katika taarifa yake kwamba Mbwara tunakunywa maziwa!

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Najua mashine inaweza kuzimwa na kuwashwa kwa mlango wa uani, hali ya uokoaji, na nywila ikawekwa mpya. Lakini tulisaini kwamba asiyeidhinishwa asiguse mfumo, na mwenyekiti wa kamati yetu ni mtu wa hati. Barua ya kuomba niidhinishwe iko katika ofisi fulani, nisiyoitaja kwa kuwa barua bado imo humo. Kwa simu fundi wa waliotupa kompyuta alinijibu vizuri kila mara: "Shikamoo mwalimu, niko saiti, wiki ijayo nakuja." Wiki hiyo ilichukua miezi saba.

Akaja. Kijana mpole, mwenye begi zuri. Nilimfungulia lile faili, nikamwonyesha ile 15. Akanigeuzia mgongo ili nisione vidole vyake, akaandika nywila. Mashine ikamwambia ajaribu tena. Akajaribu. Mara ya tatu ikamfungia. Akakaa kimya akiitazama hati ukutani, kisha akatoka chini ya mkorosho kumpigia mtu aliyekuwa bosi wake wakati ule. Kutoka dirishani nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Shikamoo bosi... Aa, kumbe uko saiti."